Alama za Bi Kufuli

Jumatatu, 3 Machi

Nimeteuliwa. Kura haikupigwa. Dada kanipigia asubuhi, mimi nipo kiti cha abiria, mwanafunzi wangu anajaribu kuegesha gari baina ya mapipa mawili ya taka, na pipa moja limeshalala. Dada anasema: wewe si kazi yako kupima watu? Basi mpime huyo dalali.

Ni kweli, nafundisha udereva. Mtu akiingia tu garini, kabla hajafunga mkanda, najua kama atafaulu au atakwenda kumwaga machungwa ya watu barabarani. Lakini dalali wa nyumba za kupanga nitampimaje? Nimwambie arudi nyuma bila kugusa ukuta?

Jambo lenyewe ni nyumba ya Mama. Imefungwa tangu alipoanguka bafuni mwaka jana, tukamleta kwangu. Mguu umepona, imebaki bakora, na hiyo bakora anaitumia zaidi kuelekeza watu kuliko kutembelea. Dada anasema nyumba isiyokaliwa inakufa, ipangishwe, kodi yake imtunze Mama. Dada anaishi mbali na anajua kila kitu. Ujumbe wake wa sauti ukianza naweza kuoga, kuvaa na kupiga viatu rangi, nikirudi bado anaongea, na nyuma yake kuna kitu kinakaangwa.

Mama hajaulizwa, ameambiwa. Tulimwambia "tunaangalia-angalia." Akasema haya. Mama akisema haya, ujue bado hajasema kitu.

Dalali wa kwanza Dada alimpata mtandaoni. Aliitangaza nyumba bila kuiona. "Mtaa mtulivu," aliandika — na nyumba imepakana ukuta kwa ukuta na fundi wa kuchomelea vyuma! Picha aliyoweka ilikuwa ya nyumba nyingine, tena ya ghorofa. Mama aliitazama kwenye simu yangu kwa muda mrefu, akauliza ghorofa kajengewa lini.

Sasa tumepata wa pili. Mwanamke. Namba yake katupa huyo huyo fundi wa kuchomelea. Dada anataka alama juu ya mia.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwona. Jina lake aliniambia nikalisahau papo hapo, maana nilikuwa nahesabu makufuli yaliyoning'inia kwenye mkoba wake. Kila nyumba anayokabidhiwa huifunga kwa kufuli lake mwenyewe mpaka ipate mtu. Kwangu mimi basi ni Bi Kufuli.

Alikuja saa saba mchana, jua la kupasua kichwa, na saa hiyo aliichagua mwenyewe. Madalali wengine hukuleta jioni, kaupepo kanapuliza, hata banda la kuku utalitaka. Yeye anataka kujua nyumba inakuwaje ikikasirika. Nikampa alama kumi kabla hajaingia.

Halafu akaharibu. Nimefungua mlango, nyumba tupu, yeye kasimama kizingitini: "Hodi!" Kimya. Akasubiri. Akapiga hodi ya pili. Nikamwambia, dada, ndani hamna mtu. Akasema anajua. Akapiga ya tatu, ndipo akaingia. Nimemkata tano.

Ndani alifungua mabomba yote kwa mpigo mmoja, akavuta choo, akainama kunusa sinki. Kisha akaingia chumbani kwa Mama, akatandika gazeti sakafuni, akalala chali! Mtu mzima, na viatu vyake miguuni. Mimi mlangoni sijui nigeuke au niite majirani. Akaniambia kutoka kule chini kwamba mwenye nyumba huitazama nyumba amesimama na mpangaji huitazama amelala, ndiyo maana hawaelewani. Akasema paa linavuja upande wa dirisha. Nikatazama. Kweli, alama ya maji hiyo hapo, kubwa, ya miaka. Nimeingia chumba kile tangu mtoto na sijawahi kuiona.

Alipoinuka akajipangusa, akaniuliza:

— Nyumba hii ya nani?

— Ya familia.

— Familia haiweki sahihi, kaka. Ya nani?

— Ya mama yetu.

— Anajua mimi nipo hapa?

Nikasema anajua-jua. Akatoa kalamu akaandika kitu. Sasa anayepima ni mimi, lakini anayeandika ni yeye. Jambo hilo sikulipenda.

Kabla ya kuondoka alikwenda kuonana na fundi wa vyuma. Walicheka huko uani, mimi namsubiri kwenye gari kwa heshima zote.

Alhamisi, 6 Machi

Taarifa kwa Dada: sitini na nane. Uangalifu, mzuri sana. Tabia mbele ya nyumba tupu, ya kutia shaka. Dada kajibu kwa sauti, dakika nyingi, mafuta yanachemka: sitini na nane si mbaya, apewe kazi, tusikae tunatafuta malaika.

Mama leo kakaa barazani tangu asubuhi. Mke wangu ni mtu mwema, hilo nataka niliandike kwanza. Mama akishika ufagio: Mama, pumzika. Akifungua jokofu: Mama, unataka nini, nikupe, pumzika. Jiko haligusi tangu aunguze sufuria, na kisu tulikiweka juu. Anapumzika tangu mwaka jana. Mimi siku yangu ya mapumziko moja kwa wiki huwa inanichosha.

Analala chumba cha binti yetu aliye chuoni. Ukutani kuna picha ya mpiga mieleka, kifua wazi, misuli ya kutisha. Mama hakuomba itolewe, maana si chumba chake. Kachukua mtandio wake akamfunika kile kifua. Imebaki sura tu inamkodolea macho usiku kucha. Nilipoiona sikuwa na mbavu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefanya ushushushu. Mwenzangu kazini, mwalimu wa malori, tunamwita Gia Tano, nimemtuma kwa Bi Kufuli ajifanye anatafuta nyumba. Nilitaka kujua dalali anasemaje mwenye nyumba akiwa hayupo. Dereva halisi humjui siku ya mtihani, unamjua kesho yake.

Gia Tano karudi amenuna. Anasema alipelekwa kuoneshwa nyumba mbili za watu wengine, na kila mlango kabla ya kufunguliwa anatajiwa ubaya wa ndani. Hii jirani ana mbwa wa usiku. Hii maji hupanda ghorofani yakijisikia. Ubaya kwanza, huo ndio mwendo wake — uzuri mtu atauona mwenyewe. Ile ya pili Gia Tano akaipenda kweli, akasahau kwamba yuko kazini! Akasema naichukua. Bi Kufuli akamkatalia. Akamwambia amemtazama anavyopanda ngazi, hayo magoti si ya ghorofa ya tatu, atamlaani kila siku, aje wiki ijayo kuna ya chini.

Dalali anayekataa kuchukua pesa! Sijui nimpe alama au nimpeleke hospitali. Nimeandika themanini na moja.

Jumatatu, 10 Machi

Tatizo. Bi Kufuli kapiga simu. Hatangazi nyumba, hasemi hata neno, mpaka mwenye nyumba aoneshwe nyumba yake.

Nikamwambia mwenye nyumba kaishi mle tangu sijazaliwa, anaijua kama kiganja chake. Akasema ndiyo maana. Mwenye nyumba hupanga bei kwa kumbukumbu: hapa mtoto alisimama dede, hapa tulikula siku ile. Mpangaji hawezi kulipia kusimama dede kwangu. Kwa hiyo wenye nyumba wote anawapitisha kama wageni, kuanzia hodi, mpaka waione kama ilivyo. Wengine hushusha bei. Wengine hukimbilia kununua rangi. Mmoja alilia akaghairi kabisa.

Hilo la kughairi alilisema kawaida tu, akaendelea na mambo ya siku na saa.

Nimemwambia Mama wakati wa chai. Nilitegemea akatae. Kauliza tu siku gani.

Alhamisi, 13 Machi

Nitaandika yote maana Dada ataniuliza, na nikimwambia hivi hivi hataamini.

Mama alitoka chumbani amevaa gauni la kutokea, viatu vya kufunga, mkoba mkononi. Nikamwambia Mama, tunaenda kwako tu. Akasema hapana, anaenda kuoneshwa nyumba. Tukaingia gari la kufundishia, kibao cha L juu ya paa, bakora imetoka dirishani. Njia nzima ananiuliza maswali ya mtu asiyeujua ule mtaa. Maji yanatoka kila siku? Duka liko mbali? Watu wa huko wanasalimiana? Nikaanza kuingiwa na hofu juu ya kichwa chake. Nikamtazama kwenye kioo. Akanikonyeza.

Bi Kufuli alikuwa mlangoni. Wakasalimiana kama hawajawahi kusikiana. Akamuuliza, mama ndiye unayetafuta nyumba? Mama akasema ndiye mimi. Mimi nimesimama katikati sina cheo.

Hodi zikapigwa. Ya kwanza na ya pili alipiga Bi Kufuli. Ya tatu akapiga Mama. Kwenye mlango wake mwenyewe, kwa ile sauti yake ya kwenda kwa watu, ya chini, ya kuomba. Nikajitia natafuta funguo mfukoni.

Ubaya kwanza. Bi Kufuli akasema jirani huyu anachomelea vyuma, kelele asubuhi mpaka jioni. Mama akasema kelele ndiyo nzuri, huko anakokaa sasa ni kimya mpaka unasikia jokofu linavyowaza. Jikoni Mama akanyoosha mkono kwenye rafu, haukufika.

— Nani aliipigilia juu hivi?

— Marehemu mume wa mwenye nyumba.

— Alikuwa mrefu?

— Sijui, mama.

— Alikuwa mrefu na mbishi, akasema Mama, na akaendelea mbele.

Nilicheka. Baba alikuwa hivyo hivyo kabisa.

Bafuni sikucheka. Kuna kidaraja kidogo pale cha kushuka, na mguu wangu wa kulia ulikuwa unakanyaga sakafu wenyewe, unatafuta breki. Ni ugonjwa wa kazi. Bi Kufuli akasema, bafu hili linateleza, kuna mtu alianguka hapa. Mama akauliza nani. Akaambiwa mwenye nyumba.

— Maskini. Alikuwa anafanya nini?

— Wanawe hawakuniambia.

— Alikuwa anakimbilia simu, akasema Mama. Ana watoto wakipiga hawarudii.

Hakuna aliyenitazama. Ningependa mmoja wao angenitazama. Sikuwa najua habari ya simu. Siku ile nilimuuliza daktari kila kitu, mfupa gani, plasta mpaka lini, sikumuuliza Mama alikuwa anakwenda wapi. Nimejaribu kukumbuka kama aliyepiga alikuwa Dada au mimi, na sikumbuki, na naona aibu kwamba sikumbuki.

Sasa chumbani. Bi Kufuli akatandika gazeti lake. Mama akaliangalia. Akasema, mwanangu, tandika na la pili. Nikasema Mama, hapana! Bakora ikanielekea. Basi nikamshika kwapa huku, Bi Kufuli huku, tukamshusha polepole, na hapo nikabaki nimesimama, nawatazama mama yangu mzazi na dalali wamelala chali sakafuni bega kwa bega, wanajadili dari. Mama akasema panavuja. Bi Kufuli akasema panavuja, ndiyo. Mama akasema mwenye nyumba alikuwa anaweka ndoo pale tangu ujana wake, na mlio wa ndoo ukiuzoea ni kama una mtu. Mtu angechungulia dirishani angeita polisi.

Kumwinua ilikuwa kazi. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotegemea, lakini magoti hayakutaka. Niliogopa. Yeye alikuwa anacheka mpaka machozi, na gazeti limemgandia mgongoni.

Alipokaa sawa, akajirekebisha mtandio, akasema:

— Nimeipenda. Naichukua.

Nikacheka. Bi Kufuli hakucheka. Akamuuliza anataka kuingia lini. Mama akasema mara tu bafu litakapowekewa vyuma vya kushikia, na fundi wa vyuma si huyo hapo ukutani. Bi Kufuli akasema hilo ni sharti hata kwake. Wakapeana mikono.

Nikamwambia Bi Kufuli pembeni: dada yangu, huyu ndiye mwenye nyumba. Akasema anajua, na mwenye nyumba kasema ipangishwe, na mteja kapatikana, tena mteja anayejua ubaya wote. Yeye haoni kilichoharibika. Akalitoa kufuli lake mlangoni, akalitumbukiza kwenye mkoba.

Ijumaa, 14 Machi

Dada kawaka. Hakuna kilichokuwa kinakaangwa leo, ndiyo nikajua mambo ni mazito. Dalali gani anampangishia mtu nyumba yake? Nimfukuze leo. Na Mama akianguka tena? Peke yake? Nani atajua?

Hili la mwisho siwezi kulicheka. Nami ndilo linaloniamsha.

Alama hazijulikani. Nimefuta themanini na moja, nikaandika sifuri, nikafuta sifuri.

Jumamosi, 15 Machi

Mezani leo. Mke wangu kaanza yeye, kwa upole. Mama, kwetu umekosa nini? Kama ni chumba, tutaitoa ile picha.

Mama akasema yule kijana wa mieleka hana neno, wameshazoeana. Akasema hajakosa kitu. Kula anakula, kuoga anaoga, mkwe wake anamwogesha kama yai. Kisha akasema:

— Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi mmenipa mwaka mzima wa siku mbili.

Mke wangu akaondoka mezani. Nilimsikia jikoni, maji ya bomba yanamwagika na hakuna chombo kinachooshwa. Nilimkasirikia Mama. Nikawaza, asante ya punda, nikakumbuka punda mwenyewe ndiye aliyenizaa, nikaona niache.

Nikamuuliza kwa nini basi asiseme tu "narudi kwangu." Kwa nini mambo ya upangaji, tunachekwa. Akaniambia nikitazame kioo kabla sijauliza. (Amejifunza kwangu huyu!) Akisema narudi kwangu, tutamwambia pumzika, Mama. Tutakwenda na ufunguo wetu, tutaingia bila hodi, tutahamisha kisu. Lakini mpangaji ana mkataba. Mpangaji hafukuzwi ovyo. Mwenye nyumba akitaka kuingia kwa mpangaji, anapiga hodi na anasubiri.

— Na kodi utamlipa nani?

— Nitajilipa mwenyewe. Yule binti dalali atachukua chake katikati. Ni haki yake, kazi ameifanya.

Baadaye nilimkuta mke wangu kamwekea Mama kitunguu, kibao na kile kisu kutoka juu. Hawakusemeshana. Mama alikata kitunguu kidogo kidogo, vizuri sana, na mke wangu akasimama pembeni amefumbata mikono kwapani asije akamsaidia.

Jumatatu, 17 Machi

Fundi wa vyuma kapiga simu: vyuma vya bafuni tayari, Bi Kufuli alikuja akavining'inia kwa uzito wake wote, havikucheza. Anasema pia Mama zamani akitaka kitu alikuwa anagonga ukuta mara mbili, naye anagonga kujibu. Asubuhi asiposikia kitu alikuwa anakuja. Siku ile ya kuanguka ndiye aliyevunja mlango. Mimi nilidhani ni majirani tu, kwa ujumla.

Wanafunzi watatu leo, wote wamefaulu. Mmoja alikuwa yule wa mapipa.

Jumanne, 18 Machi

Bi Kufuli kapiga mchana, sauti ya kazi, hakuniita hata kaka. Kaniita mwenye nyumba. Nikamwambia mwenye nyumba ni Mama. Akasema hapana, anazungumza na mwenye nyumba wa sasa wa mteja wake. Hamwingizi mpangaji popote kabla hajaongea na mwenye nyumba wa kule anakotoka, hata akiwa waziri. Mteja wake anatoka kwangu. Basi ana maswali.

Ana kelele? Nikasema anaamka alfajiri, anajisemea. Anasema nini? Sijui, sijawahi kusikiliza.

Ana wageni wengi? Nikataka kusema hana. Nikakumbuka kwake, baraza haikuwa inakauka watu. Kwangu huu mwaka — hakuna. Hata mmoja. Nikasema hana, na halikusikika kama sifa.

Anatunza nyumba? Nikasema haruhusiwi.

Nasikia kalamu. Kisha akasema swali moja linamhusu yeye kama dalali, na atalifuata jibu langu, maana mimi ndiye ninayeishi naye. Anaweza kukaa peke yake, fundi akiwa ukutani na vyuma vikiwa bafuni? Nikisema hawezi, anarudisha kufuli mlangoni leo leo na atamwambia Mama mwenyewe, hataniachia mimi. Na la mwisho, analowauliza wote: kwa nini anahama kwako?

Akasema mteja wake mwingine kafika, anampeleka kuona chumba, akirudi atapiga tena, nifikirie.

Kwa hiyo nafikiria. Ujumbe wa Dada umeingia, mfupi kuliko yote aliyowahi kutuma: Mwambie hawezi, basi, yaishe. Neno moja tu. Kusema kweli limeshakaa ulimini. Nitalala vizuri usiku, na kila asubuhi nitamkuta barazani amepumzika.

La kwa nini nimejaribu kuliandika. Anahama kwa sababu ya ngazi. Hatuna ngazi. Anahama kwa sababu amezoea kwake. Hilo hata Gia Tano angesema. Anahama kwa sababu tunampenda mno — nimelisoma tena, linatisha. Anahama kwa sababu hapa

Mama kapita. Kauliza kama yule binti kapiga. Nikamwambia kapiga, anataka kujua wewe ni mpangaji wa namna gani na kama utaweza. Akaegemea bakora, akaniangalia, na sikuwahi kumwona Mama akinitazama hivyo, kwa adabu, kama mtu mwenye shida anayemtazama karani wa ofisi.

— Mwambie ukweli, mwanangu. Ila usije ukaniharibia. Nyumba nzuri hazikai.

Kaenda chumbani, mlango kauacha wazi.

Simu inaita.